Nani Awe Juu Kwenye Soksi ya Mabel

Jumatatu, 15 Desemba

Wamefika! Binti yangu Joanne, mumewe Gareth, na Mabel wangu wa mwaka mmoja na nusu. Watakaa nasi hapa Todmorden mpaka mwaka mpya. Nimemrukia Mabel mlangoni, nikamnyakua mikononi mwa mama yake hata kofia hajavuliwa. Kilio! Kilio cha mtu aliyeibiwa. Mke wangu Brenda kampokea: kimya papo hapo. Mbwa wa jirani kapita: kicheko. Ni mimi tu. Inaniuma jamani, sifichi. Mjukuu mmoja ninaye, na ananikimbia.

Jumamosi anakuja Glenys, mama yake Gareth, kutoka Swansea. Huyo akitajwa tu, Mabel anapiga makofi.

Jioni Joanne katangaza sheria. Mwaka huu soksi ya Krismasi ni moja tu, ile aliyoifuma Brenda, na pande zote mbili zitaijaza zawadi za Mabel. Peremende hakuna, betri hakuna, kelele hakuna. Na asije mtoto akakabwa kooni: kila kitu kipimwe kwa kile kibomba cha kadibodi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kikipita ndani, marufuku. Kanikabidhi kibomba changu mwenyewe. Nimekipokea kwa heshima zote.

Kisha wazo likanijia. Kinachoingia mwisho kwenye soksi ndicho mtoto anachokitoa kwanza! Cha kwanza kikiwa changu, Mabel ataniona kwa jicho jingine. Mimi juu! Glenys akae nchani huko, pamoja na lile chenza la kila mwaka.

Jumatano, 17 Desemba

Duka la vitu vya watoto. Nimeingia na kibomba mfukoni. Bata wa mpira: hapiti. Safi! Kijiko cha mbao: kimepita, nimekirudisha. Ng'ombe wa mbao: kaingia kichwa, kakwama mabegani. Nimevuta. Nimeweka mguu kwenye rafu, nimevuta tena. Muuzaji kaja kuniambia babu, kama ni choo unatafuta, kiko kule nyuma. Nimemweleza sheria yote tangu mwanzo. Kaenda kumwita mwenzake naye aje asikie.

Nimemnunua ng'ombe pamoja na kibomba chake. Aliyekwama hajapita, hilo halina ubishi. Nimeongeza na kitabu cha kitambaa, wanyama wenye mikia ya kuvuta. Nimerudi naimba. Brenda kasema wewe mzee, umeanza. Nimeanza nini? Sijaanza kitu.

Jumamosi, 20 Desemba

Glenys kafika. Mabel kamkimbilia mikono juu. Mimi nimebeba masanduku. Kaniuliza vipi mkwe, bado mtoto anakulilia? Pole, labda ni hizo nyusi. Nyusi!

Kafungua mkoba: kondoo wa sufu, mpira wa kitambaa, kikombe cha plastiki chenye picha ya mwezi. Vizuri sana, ndiyo maana vimeniudhi. Lakini nilikuwa nimejiandaa. Jana nilimwomba muuza mazulia lile bomba nene la kuzungushia zulia, nikakata kipande kwa msumeno. Nikasema haya, tupime, sheria ni ya Joanne siyo yangu. Kondoo kapita! Mpira ukapita! Kikombe kikapita! Nimesikitika kwa sauti kubwa, mkono kifuani.

Glenys hakununa. Kamwambia Joanne kwa upole, basi na vya mkwe wangu tuvipime humo humo. Bata kapita. Kitabu kimepita kwa madaha. Ng'ombe kapita na kibomba chake. Kisha Brenda kapitisha kopo la maharage. Joanne kasema baba, sisi hapa hatuna choo cha tembo.

Vya Glenys vimepimwa upya kwa kibomba halali na kukubaliwa vyote. Vyangu vimefungiwa kabatini mpaka Pasaka, ili nishike adabu.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimerudi dukani mbio. Rafu nyeupe! Kimebaki kitu kimoja: bata bukini wa manyoya, mkubwa kuliko Mabel mwenyewe. Ukimminya tumbo anapiga honi. Joanne kakataza kelele, lakini honi si kelele, ni usalama barabarani. Muuzaji kaniuliza leo hupimi? Nipime nini! Huyu hapiti kwenye bomba lolote duniani.

Wala haingii kwenye soksi. Hilo nimeligundua nyumbani.

Nimejaza soksi viazi, nimeitundika bandani sufu ivutike. Imevutika! Mchana ilikuwa ya mtoto, alasiri ya mtu mzima, jioni imegusa sakafu. Brenda kauliza soksi yangu imepatwa na nini. Nimesema unyevu. Kaenda kutazama gunia la viazi, karudi, kapika wali.

Jumatano, 24 Desemba

Saa kumi jioni, ibada ya watoto kanisani. Soksi imetundikwa sebuleni juu ya meko, vitu vya Glenys vimo tayari. Nimekohoa kikohozi kizuri mno, mpaka Brenda kaninywesha dawa chungu ya kweli. Wameondoka. Nimeshuka ngazi kwa kunyata, bukini kwapani.

Nani huyo sebuleni? Glenys! Eti kichwa kimemuuma ghafla, karudi toka kona ya barabara. Kaja kulinda soksi! Nimeshika mdomo wa soksi, kashika ncha. Tumevuta mpaka mimi niko jikoni, yeye yuko dirishani. Tumeambiana mengi. Mimi ni mzee mshamba, yeye ni mwizi wa wajukuu. Kisha pumzi zimetuishia sote. Tumekaa chini, tumekula pai zote za zabibu alizowekewa Baba Krismasi, na mvinyo wake tumeumaliza. Ana kicheko kizuri yule mama, akitaka. Tumekubaliana bukini chini, kondoo juu, kwa kuwa mimi ni muungwana na yeye ana mikono ya chuma. Bukini nimemshindilia kwa goti.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi!

Mabel katoa kondoo. Kambusu kondoo. Katoa mpira. Kambusu Glenys. Mimi nimetazama dari.

Kisha mkono wake ukawa haufiki chini. Nimepiga magoti, nimeingiza wangu mpaka begani. Bukini nimemshika shingo. Hatoki! Na mkono hautoki! Nimevuta: honi! Mabel kageuka. Nimevuta tena: honi! Nimeanguka chali na soksi mpaka kwapani, mkono wa pili nimeulalia. Mabel kacheka. Kacheka mpaka kaketi. Kisha kaja mwenyewe, kwa miguu yake, kanipanda tumboni, kasema, "Babu, tena!"

Babu! Hajawahi kuniita hivyo! Nimepiga honi mpaka bata mzinga wa Krismasi kaungua upande mmoja ovenini. Mtoto kalala kifuani kwangu, mate yote shingoni. Nimelia machozi ya kweli. Glenys kanipa leso yake.

Baadaye Brenda kaniketisha. Kasema wewe mzee, nisikilize. Kila siku unamrukia huyu mtoto na kumnyakua kama mzigo unaoshushwa garini. Leo mikono ilikwama, ukamwacha aje mwenyewe, na amekuja. Basi tulia hivyo hivyo. Hata Glenys kasema ni kweli.

Nimewasikiliza kwa makini, neno kwa neno. Kumbe siri ni bukini!

Ijumaa, 26 Desemba

Nimeamka kabla ya Glenys. Mabel yuko jikoni na mama yake, anakula uji, ametulia. Nimeibuka nyuma ya mlango, bukini kwapani, nikamnyakua kwa mikono yote miwili, nikapiga honi. Kilio! Uji umefika darini.

Nimetafakari sana wakati Brenda yuko juu ya kiti anapangusa. Nimeliona kosa langu. Bukini ni mdogo. Duka linafunguliwa saa tatu, na yule muuzaji alidokeza kwamba stoo wana twiga.