Mkia wa Hatua Kumi na Mbili

Jumatano, 10 Julai 2024. Mnyambe, Newala.

Nimetukanwa. Mbele ya watu mia mbili na kumi na moja, kundi zima la WhatsApp la sisi tunaounda ndege ndogo. Aliyenitukana ni Mwalimu Gervas wa Masasi, mtu mzima, ana miwani. Alinunua seti yangu: boksi, vipande vya mbao laini, gundi, karatasi ya maelekezo. Unakaa, unaunga mwenyewe, unapata ile ndege ya madaktari wa macho iliyokuwa inatua Masasi zamani. Kaandika hivi: seti ya Nurdin, mbao safi, gundi inashika, mabawa sawasawa. Ila mkia mrefu mno. Ukimaliza kuunga unapata kenge mwenye mabawa. Nyota mbili kati ya tano.

Ziada wa Chilangala akauliza kama inakula vifaranga. Watu arobaini wamecheka. Nimewahesabu.

Mkia hauwezi kuwa na kosa. Vipimo ni vya baba. Alikuwa mlinzi pale uwanjani, akaipima ndege kwa miguu yake, akaandika kwenye daftari, na daftari ninalo. Bawa, hatua saba. Pua mpaka mlango, hatua tatu. Mlango mpaka mwisho wa mkia, hatua kumi na mbili. Mtu yuleyule, daftari lilelile, apatie bawa akosee mkia? Haiingii akilini.

Baba ana mwaka wa pili kaburini. Hawezi kujitetea. Mimi nipo.

Alhamisi, 11 Julai.

Nimesajili laini nyingine. Nimeingia kwenye kundi kama Kapteni Alfani, rubani mstaafu. Kapteni kaisifia seti, hasa mkia. Mwalimu kauliza kwa adabu Kapteni alirusha ndege zipi. Nikajibu zote. Akauliza mkia mrefu hivyo una kazi gani. Nikaeleza kwamba huku juu Newala upepo wa Julai haucheki na mtu, ndege ya mkia mfupi inapeperushwa kama ungo.

Nilikuwa nashinda kabisa. Raha ikanizidi, nikaongezea: halafu baba yangu hakukosea.

Ziada akaandika: shikamoo Kapteni Nurdin.

Kapteni katolewa kwenye kundi. Mama kaniuliza mbona sili. Nimemwambia nina kesi.

Ijumaa, 12 Julai.

Nina mpango. Huenda ndege bado inakuja Masasi; naenda kuipima yenyewe, kwa futi, na picha napiga. Mama kanikumbusha kesho ni zamu yangu kupuliza salfa. Nimemwambia mikorosho haijatukanwa. Hakucheka. Kasema marehemu angepuliza kwanza.

Jumamosi, 13 Julai. Masasi.

Ndege hakuna. Ina miaka haijaja. Getini nimemkuta Baba Anifa, mzee Faruku, aliyelinda pamoja na baba. Shikamoo, marahaba, poleni na mzee. Nikafungua daftari, nikamwomba awe shahidi wangu kwamba baba aliipima ndege yote.

Kafuata mistari kwa kidole. Kasema hakuipima yote. Alipima bawa, akapima pua mpaka mlango, hapo likaja gari la wakubwa, ikabidi akimbilie geti.

Nikamuuliza mkia kapima nani sasa.

"Si wewe!"

Kasema nilikuwa na miaka saba. Kofia ya baba imeniingia mpaka puani. Nilitembea kutoka mlangoni mpaka mwisho wa mkia nikihesabu kwa kelele, na baba akiandika kule getini. Nilipofika kumi na mbili nikarukaruka. Yeye Faruku alimwambia mwenzake, we Swalehe, hatua ya mtoto si hatua, rudi ukapime. Baba akasema acha, kapima mwanangu.

Njia nzima ya kurudi nimefumba macho, nikijaribu kukumbuka. Kofia. Ndege. Baba getini. Sijapata kitu. Mzee Faruku anakumbuka, mimi sikumbuki.

Jumapili, 14 Julai.

Nimepima uani na mtoto wa jirani wa miaka saba. Hatua kumi na mbili za mtoto zimetoka sawa na saba zangu. Mwalimu alikuwa sahihi. Baba alikuwa sahihi. Mwenye kosa kabaki mmoja.

Nimemuuliza mama kama anajua. Kasema siku ile, tulipokuwa tunaishi Masasi, baba alizunguka majirani wote, nyumba kwa nyumba, akiwaambia mwanawe kapima ndege. Alipokwisha kunisimulia kaingia ndani, hakutoka mpaka jioni.

Jumatatu, 15 Julai.

Nimekata mkia mpya, wa hatua saba. Umekaa. Ni ndege kweli, ungeiweka mlangoni kuku wangekimbia.

Mwalimu kaniandikia pembeni, sisi wawili tu. Kaniomba radhi kwa lile neno la kenge. Kasema kijana una mkono, na hakuna aliyekufundisha. Rekebisha mkia, klabu ya shule yake itachukua seti thelathini, na kwenye kundi ataandika upya, nyota tano.

Thelathini! Sijawahi kuuza zaidi ya nne.

Jumatano, 17 Julai.

Mwalimu anataka jibu leo. Tangu asubuhi nina mikia miwili mezani, mrefu na mfupi. Mama kapita, kashika ule mfupi, kasema ndiyo ndege aliyokuwa anaiona ikishuka. Kaniambia nimjibu Mwalimu vizuri, kwa heshima, nimshukuru.

Alipotoka nimefungua daftari, nimesoma tena ile kumi na mbili ya mkono wa baba, halafu nimeutia mfupi jikoni. Umewaka haraka, mbao ilikuwa kavu.

Halafu nimemjibu Mwalimu. Si pembeni, kwenye kundi, wote wasome. Nimeandika kwamba nimefika Masasi, nimehakikisha, na aliyepima namfahamu. Mkia hauna kosa. Ndege ndiyo ilikuwa fupi.