Swala wa Kipaimara

Jumatatu, 11 Novemba

Klabu yetu ya uwindaji imebakiwa na kibali cha swala pala mmoja msimu huu. Dume. Wanachama wanaomtaka ni wote.

Mimi ndiye mwenye haki zaidi. Jana, mezani kwa mama mkwe kule Poli, nilitangaza kwamba kipaimara cha binti yetu Rachel hakitakuwa na ndafu ya mbuzi kama cha watoto wengine. Mbuzi mzima wa kuchoma, nilisema, ni kwa wasio na leseni. Bibi ataletewa ndafu ya swala. Mama mkwe aliweka kikombe chini akanitazama kama anavyotazama mkungu wa ndizi anaouziwa na mtu asiyemjua. Akamuuliza mke wangu kama nimekunywa. Magdalena akajibu kwamba hapana, ndivyo nilivyo.

Kipaimara ni Jumapili ya tarehe 24. Ukoo mzima umeshaambiwa. Kurudi nyuma haiwezekani.

Dume ninayemtaka namjua. Nilimwona mwezi uliopita kwenye kitalu chetu cha kuwindia, nyikani huko nyuma ya Longido. Mzee, pembe ndefu, sikio la kushoto limechanika. Asubuhi hunywa maji kwenye lambo, kisha huondoka kupitia kwenye migunga. Sijamwambia mtu.

Kikwazo ni Lerionka. Ana bucha Kaloleni, hupiga risasi moja tu, na siku zote hukaa karibu na lambo. Simchukii. Nimeacha tu kumpenda.

Jumatano, 13 Novemba

Kikao cha kanuni za dume wa mwisho. Tulikaa nyuma ya bucha ya Lerionka kwa sababu supu yake ni nzuri. Hilo nakiri. Mwenyekiti ni Mzee Solomoni, karani mstaafu wa mahakama, anayeendesha kikao cha swala kama kesi ya mauaji.

Katibu wetu Jackline, daktari wa mifugo, alipendekeza apigwe dume mzee tu. Majike na madume wachanga wasiguswe. Wote wakakubali. Kwa klabu yetu hilo si la kawaida. Mwaka juzi tulibishana mchana kutwa kuhusu rangi ya fulana.

Nikasimama. Nilisema lambo ni mahali pa kunywea, si pa kufia. Mnyama asipigwe mpaka avuke mstari wa migunga. Nilitumia neno utu. Lerionka akauliza nimeanza lini kuwahurumia swala, maana mwaka jana nilipiga risasi jiwe nikakaa kulisubiri lianguke. Watu wakacheka sana. Nikasema binadamu hukua. Kanuni ikapita.

Ndugu zake Lerionka wanachunga ng'ombe upande ule. Wangeweza kumletea swala mpaka mlangoni. Kwa hiyo nikaongeza: ni marufuku kuswaga mnyama kwa namna yoyote. Ikapita.

Adhabu pia niliitunga mimi. Mkosaji atoe mbuzi, na wanachama wamle mahali atakapopanga mkosaji. Halafu nikaongeza kipande ninachokipenda kuliko vyote: kabla nyama haijaguswa, mwenyekiti asome kosa hadharani, akiwa amesimama. Nilishaiona picha nzima. Lerionka ameinamisha kichwa kati ya magogo ya kukatia nyama, na Mzee Solomoni anasoma polepole.

Lerionka aliunga mkono kila kitu. Hata alipiga makofi. Mtu mwepesi kudanganyika.

Ijumaa, 15 Novemba

Tumegawana sehemu za kukaa kesho. Kwa vile kwenye lambo hapapigwi tena, hakuna aliyepataka. Nikasubiri kimya kiwe kirefu, kisha nikasema kwa sauti ya unyonge kwamba basi nitakaa mimi, mtu mmoja hana budi kuumia. Mzee Solomoni alinishukuru kwa moyo wa kujitolea. Lerionka amepewa korongo la kaskazini. Kule kuna vipepeo na kinyesi cha fisi.

Mpango ni huu. Dume atakunywa, atavuka migunga, atakuwa wangu. Kihalali kabisa.

Nimemwomba Magdalena anitafutie nafasi ukutani sebuleni kwa ajili ya pembe. Akasema pale pana picha ya harusi yetu. Nikasema picha inaweza kuhamia ukumbini, karibu na mita ya umeme. Nimekula makande ya baridi.

Jumamosi, 16 Novemba

Alikuja.

Alikuja mapema, peke yake, sikio limechanika vilevile. Akanywa. Mkono wangu ulikuwa umetulia. Kando yangu alikaa Frederick, askari wa wanyamapori, ambaye sheria inamtaka awepo na ambaye alikuwa amemaliza ndizi zangu.

Kisha dume akalala.

Mvua ya juzi imeotesha majani mabichi kuzunguka lambo. Kwa nini aondoke? Alilala, akatafuna, akafumba macho. Ningeweza kumpiga kwa manati. Jua likapanda. Frederick akasinzia, akaamka, akauliza kama kuna ndizi nyingine. Nikamwuliza kanuni inasemaje kuhusu mnyama aliyelala. Akasema kanuni ni zenu, yeye ana sheria tu.

Nilikohoa. Dume akageuza sikio zima kuelekea kwangu, akaona sina maana. Nikapiga mluzi. Nikapiga chafya ya bandia. Nikatafuta jiwe, hapakuwa na jiwe. Mahali palepale ambapo mwaka jana mawe yalijipanga.

Nikavua kiatu.

Kilitua vizuri, nyuma yake kabisa. Dume akaruka juu kama aliyekumbuka jambo. Alitakiwa kukimbilia kwenye migunga ya mbele yangu. Akavuka ile ya kaskazini.

Mlio mmoja tu kutoka korongoni.

Nilifika huko nimevaa kiatu kimoja. Lerionka alikuwa ameketi kwenye kivuli, anakunywa chai ya chupa. Alisema hakutegemea kitu, alikuwa anaangalia vipepeo. Kisha akaangalia mguu wangu. "Aminiel, kaka yangu, umekuja kuswali?"

Jumatatu, 18 Novemba

Kikao cha dharura. Nilishtakiwa kwa kuswaga.

Nilijitetea kwa utulivu. Nilisema kuswaga ni kwa watu, mbwa au gari, na kiatu si mojawapo. Mzee Solomoni akasoma kanuni yangu: kwa namna yoyote. Akauliza nani aliandika maneno hayo. Nikasema sikumbuki. Jackline akasema yeye anakumbuka.

Nikasema kiatu kilinitoka. Mzee Solomoni akauliza kama kilikuwa kimefungwa kamba. Akaitwa Frederick, naye akasema yeye si mtaalamu wa viatu, ila hiki alikiona kikipaa.

Lerionka aliulizwa kama swala wake ni halali. Jackline akajibu badala yake kwamba ni dume mzee, amepigwa baada ya kuvuka migunga, na mpigaji hakumswaga. Amefuata kanuni zote. Zangu.

Nimehukumiwa mbuzi mmoja. Dukani kwangu Sombetini, ninapouza vipuri vya pikipiki, madereva wa bodaboda wameshaanza kunisalimia kwa kutazama miguu. Sijui nani amewaambia. Lerionka huwa anapanda bodaboda.

Ijumaa, 22 Novemba

Nilikesha nikiwaza, asubuhi likanijia. Nadaiwa mbuzi na klabu. Nadaiwa ndafu na mama mkwe. Mbuzi mmoja anatosha kote kuwili.

Nimemwambia Mzee Solomoni wanachama waje kula faini yao Poli, kwenye kipaimara, na familia zao. Mahali anapanga mkosaji, ndivyo kanuni inavyosema. Alifurahi. Kwa upande wa ukweni, mbuzi akishachunwa, akatolewa kichwa na kwato na akachomwa mpaka akawa mwekundu, ni nani atakayesema huyu si swala? Pale shingoni nitaweka nyanya na majani ya kitunguu. Wanachama hawatasema kitu. Mtu haharibu sherehe ambayo anakula.

Nimemnunua mnadani Kwa Mrombo. Nilimtafuta mwenye miguu mirefu na shingo nyembamba. Muuzaji aliniambia ninachagua mbuzi kama ninachagua mchumba.

Magdalena ameuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikasema kila kitu kimepangwa. Akaenda kumpigia mama yake simu, wakaongea Kimeru na kucheka muda mrefu. Nadhani ni mambo ya keki.

Jumapili, 24 Novemba

Ibada ilikuwa nzuri. Rachel alipendeza. Nilitokwa na machozi kidogo, na hayo sikuyapanga.

Alasiri, ndafu ikaingia ikisukumwa kwenye meza ya magurudumu, inang'aa, nyanya shingoni. Mshereheshaji akatangaza kama nilivyomfundisha: swala wa nyika, zawadi ya Baba Rachel kwa mama mkwe wake. Wageni wakashangilia. Rachel akachukua kisu. Nilimtazama mama mkwe usoni na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nikajiona mkwe.

Mzee Solomoni akasimama. Akafunga koti. Akaomba kipaza sauti.

Nilikuwa nimekisahau kabisa kile kipande.

"Kabla nyama haijaguswa," akasema, na akatoa karatasi. Akasoma kila kitu. Kikohozi. Mluzi. Chafya. Kiatu, cha mguu wa kulia. Akasoma kwamba kwa makosa hayo ndugu Aminiel Sumari anatoa mbuzi huyu aliye mbele yetu. Akasema mbuzi mara nne. Alisoma polepole, kama nilivyotaka.

Mjomba wake Magdalena alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili aone vizuri zaidi.

Mama mkwe alianza kucheka kwa mabega. Kisha kwa mwili wote, mpaka kitenge kikamdondoka. Alipopata pumzi akasema, "Baba Rachel, mimi nimefuga mbuzi tangu sijaolewa. Ulidhani sitamjua kwa sababu amevaa nyanya?" Akajifuta macho. "Kiatu ulikipata lakini?"

Nikasema, "Nilikipata, Mama."

"Basi hukurudi mikono mitupu."

Hapo Lerionka akatokea mlangoni na beseni lililofunikwa kanga. Alimsalimia mama mkwe shikamoo kwa kuinama sawasawa, akasema amesikia bibi aliahidiwa swala, na isingekuwa vizuri ahadi ya rafiki yake ianguke. Paja zima. Limechomwa kwake Kaloleni, na chumvi yake ya siri.

Rachel alikata kipande cha kwanza akamlisha bibi yake. Mama mkwe akatafuna, akafumba macho, akamwambia Lerionka akae pale karibu naye. Kiti kile nilikuwa nimejiwekea mimi.

Nilikaa na watoto. Mbuzi alikuwa mtamu.

Jumatatu, 25 Novemba

Lerionka amepita dukani na pembe. Amesema ni za Rachel, kumbukumbu ya siku yake. Nilimshukuru. Neno asante liliniuma kwenye meno. Magdalena amezitundika sebuleni mwenyewe. Picha ya harusi imebaki palepale.

Jackline amepiga simu kwamba klabu imepitisha kanuni mpya kwa kura zote: msimu ujao Aminiel Sumari haruhusiwi kupendekeza kanuni. Nilimwomba anisomee tena. Akasoma tena, neno kwa neno.

Nimetafakari kwa kina makosa yangu. Kosa lilikuwa ni mvua.

Msimu ujao tunatarajia kibali cha pofu, jamii ya swala. Yupo mmoja, nilimwona siku ile nikirudi kuchukua kiatu. Mkubwa kama gari, mkia umekatika nusu. Inatakiwa tu kanuni inayohusu mikia, na mwanachama wa kuipendekeza. Nimerudia ile kanuni mpya kichwani. Inamtaja Aminiel Sumari. Mke wake haikumtaja.

Fomu ya uanachama ya Magdalena nimeshaijaza. Imebaki kumwambia.