Naomba Nifufuliwe kwa Mkanda Uleule

Mwl. Egidi Luambano,
Msamala, Songea.
26 Agosti 1996

Ndugu Afisa Utamaduni,
Songea Mjini.

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA MKANDA WA VIDEO "MISUKULE WA KIDATO CHA PILI" MPAKA NITAKAPOFUFULIWA

Ndugu Afisa,

Kwanza naomba uipokee salamu yangu kama salamu ya mtu aliye hai. Nalitanguliza hilo kwa sababu wako watu, tena wa ukoo wangu, ambao siku hizi nikiwasalimia wanatazama pembeni.

Mimi ni mwalimu wa Kemia katika shule moja ya sekondari ya wazazi hapa Msamala. Umri wangu ni miaka thelathini na minne, sijaoa, na ulevi wangu haujazidi ule wa walimu wenzangu. Nilikufa mwezi wa Aprili, likizo ya Pasaka, saa nne asubuhi mbele ya maabara, kwa ridhaa yangu mwenyewe. Aliyeniua ni Bwana Aidani wa Majengo, mpiga picha za video, ambaye naamini unamfahamu, kwa kuwa hakuna harusi ya maana katika mji huu asiyoipiga.

Bwana Aidani alikuwa mtu mtulivu mpaka soko huria lilipomwingia kichwani. Aliona watu wanajaa kwenye vibanda vya video kutazama wafu wa Ulaya wakifukuza wanafunzi wa Ulaya, akasema kwani sisi hatuna wafu na hatuna wanafunzi? Akatunga hadithi. Mkuu wa shule mchawi anawachukua msukule wanafunzi waliofeli mtihani wa kidato cha pili na kuwalimisha shamba la shule. Shule inakuwa na nidhamu ajabu: hakuna kelele, hakuna anayechelewa, hakuna anayelalamikia maharage. Wakaguzi wanaisifu, wazazi wanapanga foleni kuleta watoto. Mwalimu wa Kemia, ambaye ni mimi, anaigundua siri, na kwa kuwa ameigundua anakufa dakika ya kumi na mbili. Dakika zote zinazobaki nimepakwa unga wa muhogo usoni, nalima.

Hatukuwa na vifaa. Damu ilikuwa juisi ya rozela iliyotiwa sukari, na nyuki wa Msamala hawakujua kwamba tunaigiza. Ndiyo maana katika mazishi yangu waombolezaji wanatimua mbio. Watazamaji wanakisifu sana kipande hicho. Jeneza tuliazimwa na fundi Makarius kwa sharti lirudi kabla ya saa nane mchana, maana marehemu mwenyewe alikuwa analisubiri. Kwa hiyo nilizikwa haraka haraka, lakini si kabla ya Aidani kuisogeza kamera mpaka puani kwangu ili watu wahakikishe kwamba sipumui. Sipumui kweli. Nilijizuia mpaka masikio yakavuma.

Hayo yote hayakuwa na ubaya, na sitaki uone nakana kazi ya mikono yangu. Ubaya ulianza baadaye, nami nauorodhesha:

1. Nimekaliwa matanga nikiwa hai. Mwishoni mwa Juni mfanyabiashara mmoja aliupeleka mkanda huu kijijini kwetu, mbele ya Peramiho, siku ya gulio, akauonyesha mchana ndani ya ghala lililozibwa madirisha kwa maturubai. Sasa ujue kwamba kule kwetu kamera ya Aidani inafahamika. Ilipiga harusi ya binamu yangu, na kweli ameoa. Ilipiga komunyo ya watoto wa katekista, na kweli walikomunika. Ilipiga mazishi ya babu yangu, mzee Rupert, na kweli hajarudi. Kamera hiyo haijawahi kuonyesha jambo ambalo halikutokea. Basi walipoliona jina la Aidani mwanzoni, halafu mimi ndani ya jeneza, hawakuwa na sababu ya kuuliza. Naambiwa kuanzia dakika ya kumi na mbili ghala zima lilikuwa kilio, na hata waliocheka walicheka kwa adabu. Hawakuja Songea kuutafuta mwili, kwani picha yenyewe ilikuwa imewaonyesha kwamba mwili umekwisha kutoka kaburini na una jembe mkononi. Siku ya tatu tanga likaanuliwa, mimi nikiwa mjini nasahihisha mitihani.

2. Vitu vyangu nilivyoviacha nyumbani vimegawiwa. Koti alipewa binamu. Baiskeli alipewa mjomba Eusebi, mdogo wake mama. Kwa mtu aliyekufa huo ni ugawaji wa haki na sina neno. Nisemacho ni kwamba tangu siku hiyo mjomba Eusebi amekuwa na msimamo mkali juu ya kifo changu kuliko mtu mwingine yeyote, na msimamo huo anautetea akiwa amekalia baiskeli.

3. Mama yangu haniitikii salamu. Hili ndilo kubwa, lingewekwa la kwanza kama ningekuwa na moyo wa kuanza nalo. Dada yangu Leticia, anayekaa Peramiho, aliponiletea habari za msiba wangu, nilifunga safari Jumamosi ya kwanza ya Julai ili niwatoe watu wasiwasi. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimetoka kung'olewa jino, na mdomo umejaa pamba. Wewe ni mtu wa utamaduni, unajua kwamba mtu akichukuliwa msukule hukatwa ulimi ili asimtaje aliyemchukua. Nikaingia uani, uso umevimba, nikafungua kinywa kumwamkia mama, ikatoka sauti ambayo hata mimi mwenyewe ilinitisha. Wanawake waliokuwa wanapukuchua mahindi waliyaacha mahindi. Mama peke yake hakukimbia. Alinitazama muda mrefu, akafuta macho kwa pindo la kanga, akaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata nilirudi bila pamba. Nikasema kwa ufasaha, mbele ya mashahidi, "Shikamoo mama." Mjomba Eusebi ndiye aliyejibu, wala hakunijibu mimi, aliwaambia majirani: "Msishangae. Siku hizi ni soko huria, hata misukule wameruhusiwa kusema." Naomba ofisi yako iniambie kama ruhusa hiyo ipo.

4. Nalishwa pumba na kufanyishwa kazi. Siku ile ile ya pili niliwekewa sahani ya pumba barazani, kama wanavyolishwa misukule. Niliumia sana. Nikaipekua kwa uchungu, nikakuta chini yake ugali wa moto na paja la kuku. Nadhani jikoni walichanganya vyombo. Kosa hilo limerudiwa kila Jumamosi tangu hapo. Kando ya sahani huwa pana jembe, au panga, au kamba za kuezekea. Mama haniambii neno. Huelekeza kwa kidevu. Mimi, kwa kutaka kumridhisha, hufanya. Katika Jumamosi hizo nimepukuchua magunia kumi na moja, nimeliezeka upya jiko, nimechimba choo, na nimeng'oa visiki viwili ambavyo vilimshinda marehemu baba. Jirani mmoja alisimama kunitazama, akasema Mama Kunegunda, yaani mama yangu, kapata msukule mzuri, ila anachoka upesi.

5. Kila ushahidi wangu unanigeukia. Nilipeleka barua ya mkuu wangu wa shule yenye mhuri, inayothibitisha kwamba niko hai na nafundisha vipindi ishirini na nane kwa wiki. Kumbe nilisahau kwamba katika picha ile mkuu wa shule ameigiza mwenyewe, na yeye ndiye mchawi. Mjomba Eusebi aliisoma barua mara mbili, akasema ni mara yake ya kwanza kuona mchawi anayetoa risiti. Ndipo nikampeleka Bwana Aidani kwa miguu yake, aseme kwa kinywa chake kwamba tuliigiza. Alitazama umati uliokusanyika, akaona jinsi walivyomwogopa na kumheshimu, akasema: "Ndugu zangu, kamera yangu haijawahi kusema uongo." Halafu akanong'ona kwamba nimvumilie kidogo, maana mkanda unatoka vizuri.

Kwa sababu hizo, Ndugu Afisa, naomba yafuatayo. Kwanza, mkanda huo usimamishwe katika magulio yote ya mkoa wetu. Pili, Bwana Aidani aamriwe kunifufua kwa kamera ileile na katika mkanda uleule: anipige nikila ugali kwa chumvi na pilipili, vitu asivyokula msukule, nikitaja jina langu, la baba yangu na la parokia niliyobatizwa. Mtu aliyekufa kwa video hawezi kufufuka kwa maneno matupu. Tatu, ofisi yako inipe cheti cha kuwa hai. Nafahamu kwamba cheti cha kuzaliwa kipo na cha kufa kipo; inashangaza kwamba kwa muda wote ulio katikati raia hana karatasi yoyote. Nne, ikiwa hayo yote hayawezekani, na ikiwa ofisi itaona ni rahisi zaidi kukubali kwamba nimekufa, basi naomba nijulishwe kabla ya muhula kufunguliwa ili nisiandae maandalio ya masomo.

Sasa niruhusu niweke mzaha pembeni. Mama yangu ana miaka sitini na saba. Ni kweli kwamba nilipokuwa hai sikuwa mtu wa kwenda kijijini. Mwaka juzi nilikwenda mara moja, tena sikulala. Mwaka jana sikufika. Kazi za ualimu unazijua: masomo ya ziada, mitihani, vikao, na mtu anajiambia mama yupo, haendi popote. Lakini kuketi hatua tatu kutoka kwa mama yako, ukasema shikamoo, ukangoja, na isije marahaba, ni jambo ambalo sikujua kama lina uzito mpaka nilipolibeba. Mtoto anaisikia marahaba maelfu ya mara bila kuisikiliza. Mimi Jumamosi nane nimeisikiliza na haikuja. Nikirudi Msamala nakuwa kweli kama mtu aliyezikwa, na hakuna unga wa muhogo unaohitajika.

Nisalimie wote ofisini kwako, mhudumu wa masijala aliyenipa karatasi hizi, na yeyote atakayeifungua barua hii kwa niaba yako. Wasalimie pia watoto nyumbani, na kama wameuona mkanda, waambie yule mwalimu hajambo.

Ni mimi, nikiwa na pumzi zangu zote,

Egidi Luambano

Nakala kwa: Bwana Aidani, Majengo.
Mjomba Eusebi (nakala yake aje kuichukua mwenyewe, kwa baiskeli).

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha niifunge alipokuja kondakta wa basi dogo la Peramiho na karatasi ya daftari iliyoandikwa na dada Leticia. Nainakili hapa ilivyo, kwa sababu nimeshindwa kuifupisha.

"Kaka, mama amesema nikuandikie yafuatayo. Picha ameitazama mara nne. Tangu mara ya kwanza alijua uko hai, maana ulipokuwa ndani ya jeneza pua yako ilikuwa inacheza, na ndivyo ilivyokuwa ikicheza ulipokuwa mdogo, ukijisingizia kulala ili usitumwe maji. Ghala zima walilia, naye akalia na wenzake asionekane mgumu. Aliwaacha waamini kwa sababu ulipokuwa mzima alikuita kwa barua tatu na hukuja, ila ulipokufa umekuja Jumamosi nane mfululizo. Anasema wana wengi huwa wanakumbuka nyumbani mama akifa, yeye ameona bora ufe wewe. Jiko halivuji tena. Paja la kuku alikuwa analificha chini ya pumba ili mjomba asione. Zile marahaba zako zote nane anazo, hajaitupa hata moja, anasema uzifuate Jumamosi, na ulale."

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, naomba malalamiko yangu namba moja hadi tano yafutwe, pamoja na maombi yote manne. Mkanda uachwe utembee. Bwana Aidani asinifufue. Kama ofisi yako ina uwezo wowote juu ya magulio, naomba mkanda uonyeshwe tena kijijini kwetu katikati ya Novemba, mvua za kwanza zitakapoanza, kwa maana shamba la mama la bondeni bado halijalimwa, na mimi kwa kulima nimeshazoea.