Dawa ya Kuku, Bwawa la Mwatiko

Jumatatu, 2 Septemba 2024, Tongoni

Nimechoka na hata chai sijanywa. Samaki wangu, mwatiko, wamezubaa tena. Chakula kinaelea, hawakitaki.

Shemeji Uweso, kaka wa mke wangu Hasina, kapita asubuhi. Eneo ni la baba yao. Kasema nisipouza samaki safari hii, bwawa linarudi kuwa shamba la chumvi kama zamani, na kazi ya kubeba chumvi nitapewa mimi. Kasema kwa upole. Upole wake unaniudhi kuliko matusi.

Tumaini ni moja. Mzee Taimur anamwoza binti yake Rawan Ijumaa ya wiki ijayo, na karamu ya walima anaitaka ya mwatiko. Nikaenda Muheza, nikarudi na dawa ya kuku. Dawa inayomwinua jogoo itashindwa kumwinua samaki? Nimemkabidhi Hasina pakiti aichanganye kwenye chakula. Mimi mgongo unaniuma.

Alhamisi, 5 Septemba

Wamechangamka! Mimi ni daktari!

Jirani yangu Mwinyijuma, ambaye bwawa lake na langu yametenganishwa na tuta tu, kaja kutazama, akaguna. Mguno wa husuda, naujua.

Jioni furaha imekufa. Afisa uvuvi, Bi Praxeda, katuma salamu kwamba kesho anapita kila bwawa kuchukua samaki wa kupimwa. Eti dawa ya mifugo haitiwi bwawani bila idhini, na samaki aliyepewa dawa hauzwi mpaka imtoke mwilini. Mzee Taimur naye kasema atanunua kwa atakayepita kipimo. Ya Rabi, kwa nini mimi?

Ijumaa, 6 Septemba

Mwinyijuma yuko msibani Mkwaja. Mungu amrehemu marehemu, kafa kwa wakati.

Nilimlaki Bi Praxeda nikiwa nimesimama kando ya bwawa la Mwinyijuma. Nikamwambia karibu kwangu. Kavua samaki, kaandika jina langu. Akauliza bwawa la jirani ni lipi. Nikamwonyesha langu, akavua na huko, kaandika jina la Mwinyijuma. Mgeni wa watu, kahamia juzijuzi, atajuaje? Kanisifu kwa kutunza tuta. Sifa nimeipokea. Akili ni nywele, na leo zangu zilikuwa nyingi.

Jumatano, 11 Septemba

Majibu yametoka. Samaki wangu wamejaa dawa! Siruhusiwi kuuza mpaka wapimwe upya. Wa Mwinyijuma safi kabisa, na Mzee Taimur kesha agiza kwake.

Kumbe mnafiki yule naye anatia dawa! Nikavaa viatu niende kumsema kwa Bi Praxeda. Nikavivua. Ningeanzia wapi?

Lakini samaki wangu halisi, walioandikwa jina lake, wamekuwaje safi? Nimemwuliza Hasina. Kanitazama kama anatazama mbuzi aliyeingia jikoni. Kasema pakiti ina picha ya jogoo, basi kawapa kuku. Samaki walitaka maji mapya tu. Bahari ilipojaa maji makuu ya bamvua akafungua mlango wa bwawa, wakaamka.

Nimekwenda kukaa kwenye tuta langu, nikalia kidogo. Nalipenda bwawa hili. Mwatiko wangu walikuwa wazima, na aliyewakosesha soko ni mimi. Kesho kutwa wageni wa Rawan watalishwa dawa ya Mwinyijuma, na nikisema ukweli nimejifunga mwenyewe. Mimi pia nimealikwa. Samaki sitagusa.

Alhamisi, 12 Septemba

Shemeji Uweso kaja na vibarua na makoleo. Kasema pole, shemeji. Jumamosi wanakausha bwawa. Hata kubishana sina nguvu. Nimewasaidia kushusha makoleo.

Mchana habari njema. Mzee Taimur kaona wageni watazidi kitoweo, anatafuta kuku. Wangu wamenona ajabu! Labda nikimfurahisha, ataniombea kwa Uweso.

Hasina kasema kuku waliopewa dawa nao wana siku zao za kungoja. Mwanamke huyu na hofu zake! Bi Praxeda ni afisa wa samaki, kuku hawamhusu.

Nimeshawafunga miguu.