Kuhusu Bima Mnayotaka Nikate Kabla ya Ijumaa

Norbert Dudek
Ghorofa ya Pili
Milwaukee, Wisconsin

Kwa Bwana Haugen Mdogo, mwenye nyumba,

Salamu kwako na kwa mama yako, ambaye natumaini goti lake limepona. Mimi ni mpangaji wako wa miaka ishirini na sita, tangu marehemu baba yako alipokuwa akija kutengeneza mabomba kwa mikono yake mwenyewe na kuyaacha yakivuja zaidi.

Nimepokea barua yako inayosema kwamba nisipoleta karatasi ya bima ya mpangaji kufikia Ijumaa, mkataba wangu hautaongezwa. Nimeisoma mara tatu, nikiwa nimekaa. Sina pa kwenda, na hilo unalijua. Arlene wangu alifariki Februari humu humu, na sikusudii kuhama vyumba alivyovipaka rangi yeye. Lakini kukaa kimya ni kukubali, kwa hiyo nakuletea malalamiko yangu kwa heshima zote.

1. Wewe nyumba yako ina bima. Vitu vyangu vimo ndani ya nyumba yako. Mtoto aliye mgongoni mwa mama yake hatozwi nauli, basi kabati langu linatozwa kwa lipi? Baba yako aliwahi kunieleza hivi: "Norbert, kuta ni zangu, kitanda ni chako. Moto ukija, mimi nalipwa kuta, wewe unalala chini." Nilicheka sana siku ile. Sikujua kwamba mwanawe angekuja kuugeuza mzaha ule kuwa kifungu cha mkataba.

2. Fomu mliyonitumia inataka niorodheshe mali yangu yote na thamani yake. Mimi ni mtu maskini na nimeuzoea umaskini wangu. Nilianzia jikoni, na kabla sijafika kabati la pili karatasi ikajaa. Sijafika chumbani. Ni ukatili kumfanya mzee wa miaka sabini na moja agundue ana vitu vya kupoteza, kisha umwambie alale usingizi.

3. Eti nyumba ikiungua, bima itanilipia hoteli. Ninaye dada, Geraldine, kule Sheboygan, mwenye kochi moja analolala na mbwa wawili. Ndugu wana haki ya kuteseka pamoja nasi. Tukianza kulala hotelini na kupewa kifungua kinywa, undugu utabaki wa nini?

4. Hili ndilo lililonikera kuliko yote. Mnasema bima hiyo hulipa hata hasara ninayomsababishia jirani. Bwana Haugen, huko ni kuua ujirani, na ushahidi ninao. Unakumbuka Sikukuu ya Shukrani ya mwaka juzi, nilipoamua kumkaanga bata mzinga mzima kwenye kibaraza cha mbao cha nyuma. Mafuta yalikuwa yamechemka vizuri. Bata ndiye aliyekuwa bado na barafu tumboni. Yaliyofuata zimamoto waliyaandika vizuri kuliko mimi. Moto ulishuka kwa Bi Lucille Banaszak wa chini, ukala viti vyake na mapazia yake yote.

Je, Lucille alinishtaki? Hakunidai hata kijiko. Wiki tatu baadaye alikuwa na viti vipya na mapazia mapya, tena mazuri kuliko ya kwanza, akaniletea na keki. Nilipomwomba radhi alisema tu, "Mshukuru mkeo, Norbert." Hao ndio waungwana: unawachomea nyumba, wao wanamsifu mkeo. Kampuni gani ya bima ina moyo huo?

5. Hata Arlene, Mungu amrehemu, alikuwa na udhaifu huu. Alilileta suala la bima mezani tulipohamia hapa, samaki wa Ijumaa akiwa bado wa moto. Nikamweleza kwamba anayekata bima anajitabiria mabaya. Akasema, "Sawa, Norbert." Hakulitaja tena. Hivyo ndivyo mke mwelewa anavyoshindwa kwa hoja, na sioni kwa nini wewe ushindwe kushindwa.

Kwa hiyo naomba unisamehe sharti hili, uongeze mkataba wangu, na ubandike tangazo mlangoni kwamba katika nyumba hii watu huaminiana. Maandishi yawe makubwa, Lucille macho yake si mazuri.

Nisalimie mama yako, fundi wenu wa mtambo wa kupasha nyumba joto, na yeyote ofisini kwako anayenikumbuka kwa wema.

Mpangaji wako mwaminifu,
Norbert Dudek

T.B. Nimekwenda kutafuta stempu kwenye droo ya Arlene, ambayo sikuwa nimeifungua tangu Februari. Chini ya stempu nimekuta bima ya mpangaji yenye majina mawili, la pili langu, na stakabadhi za miaka ishirini na sita zimefungwa kwa mpira. Ipo na barua inayosema viti na mapazia ya Lucille yamelipwa yote. Bima yenyewe imebakiza siku tisa kwisha. Nitakuletea karatasi hiyo kesho asubuhi. Naomba unifundishe namna ya kuendelea kuilipa, na ukishatoa nakala unirudishie ile ile, maana pembeni ina mwandiko wake.