Kumtafutia Projest Wajina

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimeamka na wazo. Mtoto wa jirani zangu, Obedi na Paskazia, bado hana jina. Ataitwa Projest. Kama mimi! Hapa Igogo watu wananiita Mhaya wa chumba cha uani, basi. Tangu mke wangu afariki hakuna anayelitaja jina langu. Leo simu imelia mara moja. Kampuni ya simu, wananitangazia vifurushi. Nikipata wajina mambo yatabadilika. Wajina hakuachi. Atakuja kunisalimia, atanibebea begi mpaka kivuko cha Kamanga, na nikifa atalia kuwashinda wote.

Jumanne, 6 Mei
Nimemvaa Obedi asubuhi akipiga mswaki. Nikamwambia Projest ni Kilatini, maana yake hazina ya mfalme. (Nimetunga. Lakini linasikika hivyo.) Akasema ni zuri, ila kwao Usukumani mtoto akilia bila sababu ujue anadai jina la marehemu. Bibi yake mtoto, Bernadeta, anakuja Ijumaa kutoka Bujora. Atataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina mpango wa kufa kabla ya Ijumaa. Kijana hana adabu!

Jioni nikapita kwa katekista Venant, kuulizia maana halisi. Akasema ni "aliyetupwa". Kutupwa! Nikauliza kama ana hakika. Anayo, tena akacheka. Baba alinichagulia kwenye kalenda ya parokia, tarehe 25 Januari. Siku hiyo kuna Mtakatifu Paulo, kuongoka kwake! Mzee akamruka Paulo mzima, akaangukia kwa Projest. Nimekaa kwenye mawe ya ziwani mpaka miguu ikafa ganzi. Nimeumia, sitaficha.

Jumatano, 7 Mei
Mungu yupo! Mtoto kalia tangu alfajiri, ukuta wetu ni mwembamba. Nikachukua kopo langu la kahawa za kutafuna, zile za nyumbani Kagera, nitoe mbili. Likasikika chakachaka. Mtoto kimya. Nikaacha, akalia. Nikatikisa, kimya. Nimetikisa mpaka mkono umeuma. Paskazia huko ng'ambo ya ukuta akamshukuru Bikira Maria. Hakunishukuru mimi.

Mpango ni huu. Ijumaa naingia na kopo mfukoni. Bibi akipumua kati ya marehemu wawili, mimi nasema kwa sauti: samahani, naitwa Projest, naomba maji. Hapohapo natikisa. Nani atabisha?

Ijumaa, 9 Mei
Sitaki hata kuandika.

Nimevaa koti la harusi yangu. Bibi Bernadeta nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda karibu naye. Mtoto analia balaa. Bibi akaanza. Ngosha. Analia. Chenge. Analia zaidi. Mimi najiandaa, nakohoa kidogo, nashika kopo. Bibi akasema Shimba, yaani simba, baba mkwe wake. Na mimi, kwa haraka zangu, nikainuka mapema! Koti lilikuwa linanibana. Kopo likaruka, kifuniko kule, kahawa chakachakachaka sakafuni kote.

Mtoto kimya. Kakodoa macho.

Vigelegele! Shimba! Shimba karudi! Paskazia analia kwa furaha, Obedi anacheza. Nikapiga magoti kuokota kahawa peke yangu chini ya meza. Nikajaribu kusema naitwa Projest, naomba maji. Nikapewa maji.

Bibi akainama tukaokota wote. Akatafuna moja, akasema ni chungu lakini inachangamsha. Akaniuliza jina, na maana yake. Nikasema Projest, mpendwa wa watu wengi. Akanitazama kidogo, akasema basi Projest, keshokutwa uje ule nasi. Nikasema nitaona. Nimerudi chumbani na koti limechanika kwapani. Nimeshindwa na marehemu.

Jumapili, 11 Mei
Nimepata mwingine! Winnie wa duka la mbele ana mimba. Ni Mluo, na Mluo hana ubishi na jina la kalenda. Nitaanza na sabuni ya kufulia, halafu maandazi, halafu nitadondosha habari za hazina ya mfalme. Nimejifungia niupange mpango vizuri, maana safari hii sikosei.

Ila kufikiri hakuwezekani. Tangu saa sita Bibi Bernadeta anagonga ukuta. Projest! Projest weee! Amepika ndizi, yeye Msukuma, kwa ajili yangu. Najua ameziharibu. Sasa na Paskazia kadakia, Projest chakula kinapoa. Mtoto analia, wanataka niende na kopo nimtikisie. Obedi naye yuko mlangoni, Projest, Projest, anagonga kama polisi.

Nimenyamaza kimya ili wadhani nimetoka. Mtu anajitafutia wajina, na watu hawamwachi hata dakika moja.