Vita vya Mama Futi na Pointi Tatu za Mwisho

Njooni, enyi wenye masikio na nafasi ya kukaa. Na ninyi mlio na haraka, iahirisheni, kwa maana haraka yenu haina baraka na kisa hiki kinayo. Nitawasimulia vita vilivyopiganwa baina ya mwanamke mmoja na jumba lenye taa elfu, vita visivyokuwa na upanga wala farasi, ila mkasi mdogo, futi ya kupimia nguo na chupa moja ya chai. Mimi niyaandikaye haya ni fundi saa, mume wa shujaa, na katika vita hivyo nilikuwa mateka.

Shujaa huyo mtaa mzima humwita Mama Futi: fundi cherehani, mpunguza viuno vya suruali, mfufua zipu zilizokwisha kuliliwa, ambaye kifungo akikishona hubaki imara hata shati likichakaa na kuwa tambara la kupigia deki. Haijapata kusikika, toka alipoishika sindano, kwamba kifungo chake kimedondoka.

Adui alikuwa kasino. Kwa miaka minne nilikwenda huko kila Jumamosi nikaliwa, kwa maana ndivyo wasemavyo wachezaji: hawasemi umepoteza, husema umeliwa, na mimi nililiwa hadi mifupa. Kisha nikaapa mbele ya mke wangu, na mbele ya cherehani yake, kwamba basi. Nilikuwa nimetubu kweli, lakini kasino haikutubu. Ilikuwa imenipa kadi iitwayo Kadi ya Uaminifu, na kila alasiri simu yangu ililia: "Bingwa, tumekukumbuka. Pointi zako elfu mbili na tatu zinakusubiri." Ujumbe ulinikuta kibano kikiwa mkononi na saa ya mteja imefunguliwa mezani, na kila ulipoingia vidole vya mkono wangu wa kulia viliniwasha. Niliogopa vidole vyangu mwenyewe.

Siku moja mke wangu akausoma.

"Yaani miaka minne umekuwa mwaminifu kwa mashine, ukapewa kadi," akasema. "Mimi nimekuvumilia miaka kumi na tisa. Kadi yangu iko wapi?"

Nikaiinamia saa ya mteja, maana yako maswali ambayo kuyajibu ni kujitafutia makubwa.

Akawapigia simu mwenyewe. Wakamjibu kwa adabu kwamba kadi yenye pointi haifungwi. Hufungwa siku inapofika sifuri, na ujumbe hukoma siku hiyohiyo. Pointi zaweza kulipia chumba, chakula na huduma nyinginezo katika hoteli yao, au kuchezewa. Hapo Mama Futi akainuka kwenye cherehani, vipande vya nyuzi vikimpukutika mapajani, akatangaza vita.

"Tunakwenda. Tutalala, tutakula, tutaoga mpaka ngozi ilainike. Pointi zote ziishe, isibaki hata moja. Senti haitoki mfukoni, na wewe hugusi mashine. Wametula miaka minne, sawa. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini?"

Tukaondoka Jumamosi asubuhi. Toka stendi tulitembea kwa miguu, begi kichwani, chupa ya chai kwapani. Jumba lile limejengwa na mtu mwenye akili mbaya: huwezi kuifikia lifti pasipo kupita katikati ya mashine. Zikaniita zote kwa milio yake. Mama Futi akakibana kiganja changu kwapani pamoja na chupa, akanipitisha kifua mbele, na watu wakatupisha.

Chumbani akalikuta friji dogo, na juu yake karatasi isemayo kwamba kila kilichomo hulipiwa. Akachomoa futi yake akalifunga mpini kwa mafundo matatu. Kisha akaketi kitandani akasoma kila karatasi iliyokuwemo, hata ya dobi, kwa kuwa fundi lazima azijue bei za wenzake. Tukaoga mara tatu kila mmoja. Tukala mlo wa jioni na wa asubuhi bila huruma, nami nikaona kwa mara ya kwanza mke wangu akishushia chai ambayo hakuipika.

Asubuhi hiyo tukashuka kaunta. Mhudumu akatazama kompyuta yake.

"Chumba na milo, elfu mbili kamili. Zimebaki tatu."

Pale dukani kwao kitu cha bei ya chini kilikuwa kishikio cha funguo, pointi kumi. Mhudumu akatabasamu.

"Msijali. Tatu ni mizunguko mitatu pale kwenye mashine. Bure kabisa."

Vidole vikaniwasha.

"Mke wangu, ni bure," nikasema, na sauti ile niliijua: ilikuwa ile yangu ya Jumamosi.

Mama Futi akaliweka begi chini.

"Hilo neno lina pande mbili kama kitambaa. Upande wa juu, bila malipo. Upande wa ndani, hasara tupu. Miaka minne ulikwenda bure, na unajua ni bure ipi." Akamgeukia mhudumu. "Na akishinda, mwanangu, kadi itafungwa?"

"Hapana mama, akishinda pointi zinaongezeka."

"Umesikia," akaniambia. Kisha akasema na mhudumu tena, taratibu. "Karatasi yenu ya dobi inasema kushona kifungo kimoja ni pointi tatu."

"Ndiyo mama. Lakini vifungo vyenu vyote vipo."

Vilikuwepo, kwa sababu alivishona yeye. Akalitazama shati langu, alilolikata na kulishona kwa mkono wake, akatoa mkasi, akakikata kifungo cha pili toka juu. Katika siku zote nilizoliwa sikuwahi kuona haya kama dakika ile.

"Naomba mnishonee," akasema.

Nusu saa nilisimama ukumbini na fulana mbele za watu. Shati likarudi: kifungo cheupe, uzi mweusi, matundu mawili tu kati ya manne ndiyo yaliyopitishwa, na kimekaa upande. Mama Futi akakikagua, taya zikimcheza, akatia sahihi.

"Sifuri," akasema mhudumu. "Kadi imefungwa. Asante kwa uaminifu wako, Bingwa."

"Uaminifu umehamishwa," akajibu Mama Futi, tukatoka.

Basi enyi watunza tarehe, liandikeni hili kwa wino usiofutika: Jumapili, saa tano na nusu asubuhi, jumba la taa elfu liliangushwa na kifungo, na walioliangusha wakatoka na nauli yao ya kurudia nyumbani na nusu chupa ya chai. Alasiri ile simu yangu haikulia.

Kifungo bado kinaning'inia kifuani pangu. Vidole vinaponiwasha huenda hapo, vikakuta uzi mweusi, vikatulia. Nimemwomba mke wangu akishone upya, maana wateja wake wanamcheka, naye hataki. Risiti ya dobi ameibandika ukutani juu ya cherehani: kifungo kimoja, salio sifuri. Mteja mmoja alimuuliza ni ya nini.

"Hiyo ndiyo kadi yangu," akasema, akaendelea kushona.